Uzi wa rili: uuchague vipi, uubadilishe lini

Vijana wanaoanza kuvua kwa fimbo hapa pwani huniuliza kwanza kuhusu rili, kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo: ipi imara, ipi haishiki kutu. Jibu langu halijabadilika. Pesa ikiwa ndogo, nunua rili ya wastani na uzi mzuri. Kolekole akishanasa, kinachokuunganisha naye ni uzi na fundo, basi.

Anayeanza ningempa nailoni ya kawaida. Bei yake nafuu, fundo lake linashika, na inavutika kidogo. Kuvutika huko ni faida unaporambaza, yaani unapokokota chambo nyuma ya boti, kwa sababu nguru akigonga chambo na boti iko mwendoni, nailoni inapokea kishindo na mdomo wa samaki hauchaniki. Ubaya wake, inanyonya maji ikadhoofika, na jua linaiharibu.

Uzi wa kusuka haunyonyi maji wala hauvutiki, nao ni mwembamba ajabu kwa nguvu yake: wa kilo 15 huwa mwembamba kuliko nailoni ya kilo 8. Bobini, yaani kigurudumu cha rili kinachokunjiwa uzi, inabeba pima nyingi zaidi, na ukishusha chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, kwenye kina unamsikia changu akidonoa. Lakini ukisugua mwamba huku umekaza, umekatika. Kwa hiyo mbele yake funga pima mbili au tatu za nailoni nene, au florokaboni, ambayo haionekani sana majini na inastahimili kukwaruzwa. Kwa nguru hata hiyo haitoshi. Meno yake yanataka waya.

Nguvu ya uzi ichague kwa mahali unapovua. Ufukwe wa mchanga hauna cha kukata uzi, kilo 6 au 8 zinatosha na utatupa mbali. Penye miamba, kwa changu na chewa, panda hadi kilo 15 au zaidi, maana chewa akishaingia pangoni hatoki kwa kubembelezwa. Usome lebo vizuri pia: nyingi zimeandikwa kwa paundi, na paundi 20 ni kama kilo 9 tu.

Sasa, lini ubadilishe? Macho yanadanganya, amini vidole. Vuta pima tano za mwanzo, upitishe uzi polepole kati ya kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukihisi mkwaruzo hata mdogo kama punje ya mchanga, kata hapo. Kisha funga fundo, lilowanishe kwa mate, ulivute kwa nguvu. Nailoni nzima itakutesa mkono. Iliyochoka inakatika kwa urahisi. Ikibaki na umbo la bobini ukiilegeza, au ikiwa imefifia rangi na kuwa kama ya vumbi, muda wake umekwisha. Mimi nailoni huibadilisha kila mwaka kabla ya kaskazi kushika, hata ikionekana nzuri. Uzi wa kusuka unakaa miaka, na una siri moja: nusu ya ndani ya bobini haijawahi kuguswa na maji. Ugeuze, wa ndani uje nje, na utavua tena kwa muda mrefu.

Uzi wa zamani usiutupe baharini wala ufukweni, tafadhali. Nailoni haiozi, na kasa akijisokota nao anakatwa mapezi au anazama kwa kukosa pumzi. Ukate vipande vifupi vya urefu wa kidole, uvitie kwenye chupa yenye kifuniko, ndipo utupe jalalani.

Kujaza uzi mpya ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kwa rili ya bobini isiyozunguka, laza roli ya uzi sakafuni, lebo juu, uzungushe mkono wa rili mara kumi hivi kisha uulegeze uzi. Uzi ukijisokota, pindua roli upande wa pili. Kwa rili ya kurambaza mambo ni tofauti: tia kijiti katikati ya roli, mtu akushikie, nayo izunguke kama gurudumu. Uzi wa kusuka huteleza juu ya bobini, kwa hiyo tanguliza pima chache za nailoni chini yake, la sivyo samaki akivuta uzi wote utazunguka kama haukufungwa. Upitishe katika kitambaa kibichi ulichokibana kwa vidole ili ukae kwa kukaza. Ukijaa kwa ulegevu, samaki mkubwa ataukita chini ya mizunguko mingine, ukwame na kukatika hapo hapo. Acha milimita 2 au 3 kabla ya ukingo. Ukizidisha, mizunguko inaruka yenyewe. Ukipunguza sana, hutatupa mbali.

Mwisho weka upya breki ya rili, ile inayozuia uzi usitoke ovyo samaki akivuta, kwa sababu ile ya uzi wa zamani haihusu huu. Funga ncha kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzako aishike, wewe uvute kwa fimbo iliyopinda. Uzi wa kilo 10 uanze kutoka mizani ikisoma kilo 2 na nusu, isizidi 3. Ukirudi nyumbani ilegeze kabisa, uisuuze rili kwa maji baridi yanayotiririka taratibu, kwani maji ya kasi husukuma chumvi ndani, kisha uihifadhi kivulini.