Caravan Kuukuu Ni Pesa Ngapi? Hesabu Ninayofanya Kabla ya Kutaja Bei

Nissan Caravan yangu ya kwanza, ile van ya kubebea watu na mizigo, niliinunua 2021 kwa shilingi 980,000. Miezi minne baadaye nilikuwa nimeitia 187,000 nyingine: tairi nne, shokabzoba za mbele, pampu ya dizeli na malipo ya fundi. Kazi yangu ni kupika kwenye harusi na matanga hapa Umoja, Nairobi. Gari likilala gereji Jumamosi, pilau ya watu mia mbili haifiki. Kile kilichoniuma zaidi ni kwamba ile 187,000 ilikuwa sehemu ya bei tangu siku ya kwanza, na kama ningetazama vizuri ningeiona.

Kijana aliyeniuzia alikuwa akirudia, "Mama, hii ni KC, bado mpya." KC ni herufi za mwanzo za namba ya usajili, nayo inakuambia gari liliingia Kenya lini, basi. Sheria yetu inaruhusu gari la mtumba kuingia likiwa na umri wa hadi miaka minane, kwa hiyo lililosajiliwa hapa 2017 linaweza kuwa limeundwa 2010. Langu lilikuwa hivyo. Mwaka wa kuundwa umeandikwa kwenye logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, na hesabu inaanzia hapo. Kwa Caravan mwaka huo una maana nyingine tena. Umbo la E25 lilitoka 2001, kisha 2012 likaja E26, ile NV350. E25 umri umezipita, haziagizwi tena kutoka Japani, kwa hiyo utazilinganisha na zile zilizomo humu nchini tu. E26 bado zinateremshwa Mombasa. Mtu mwenye iliyotumika humu nchini akikutajia bei inayokaribia ya iliyoshuka melini juzi na ushuru kulipwa, mwache, hata kama ameing'arisha namna gani.

Bei ya tangazo nayo ni ombi la muuzaji. Siku hizi nachukua daftari, naandika magari kumi yanayofanana: mwaka, dizeli au petroli, kilomita, bei. Baada ya wiki tatu napiga simu zote kumi. Yaliyobaki palepale yanajieleza. Kwa yaliyouzwa namuuliza mwenyewe kwa upole lilienda kwa ngapi, na utashangaa wangapi hujibu kweli, kwa kuwa hawana tena cha kuficha. Bei hizo ndizo soko. Mara ya pili, mwaka jana, zilinipa kama 820,000 kwa E25 ya dizeli iliyo katika hali nzuri.

Nililokuwa nikilitaka halikuwa katika hali nzuri. Muuzaji alisema lilikuwa la familia. Fundi wangu alifungua mlango wa pembeni, akaparuza rangi kidogo ukingoni, na chini yake kukawa na manjano: ule mstari ambao matatu zote zilitakiwa kuchorwa tangu kanuni zilizoanza kutumika 2004. Sakafuni kulikuwa na mashimo ya viti yaliyozibwa. Gari kuwahi kuwa matatu si aibu, lakini limekimbia alfajiri hadi usiku kila siku, na kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma. Tazama kanyagio za klachi na breki zimelika kiasi gani, hizo hazidanganyi kirahisi. Halafu fika asubuhi bila kutangaza saa. Injini ya Caravan iko chini ya viti vya mbele. Inua kiti uiguse. Ikiwa ina moto, kuna mtu aliyeiwasha kabla hujafika, na ujue anakuficha jinsi inavyowaka ikiwa baridi.

Fundi aliniandikia kila kilichohitaji kubadilishwa, nikaenda na karatasi hiyo Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, kuuliza duka kwa duka. Tairi 52,000. Shokabzoba na bushi 23,000. Nozeli 40,000. Kutu ya chini ya mlango 15,000. Jumla 130,000, ukitoa kwenye 820,000 unabaki na 690,000. Redio kubwa na rimu za kung'aa sikuziongezea hata senti, maana hazibebi sufuria.

Nilimwonyesha muuzaji karatasi yenyewe, kipengele kwa kipengele. Alikuwa akitaka 850,000 na alikasirika. Broka wake alinivuta kando kuniambia kuna mteja mwingine njiani. Niliwaachia namba yangu nikaenda zangu. Siku ya tisa muuzaji alipiga simu mwenyewe, bila broka, tukakubaliana 705,000. Hizo 15,000 za juu nilitoa kwa hiari, kwa sababu gari lilikuwa na betri mpya na alikuwa na risiti.

Sikutuma arabuni. Kwanza nilitafuta taarifa za gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwani logibuku yenye jina la benki pamoja na la mwenyewe ina maana kuna mkopo, na hapo hakuna bei ya haki hadi benki ijiondoe kwa maandishi. Hili lilikuwa safi. Tuliketi ndani ya benki, yeye akaanzisha uhamisho kwa simu yake, mimi nikakubali kwa yangu, pesa zikatoka. Kisha nikaliendesha moja kwa moja hadi Kirinyaga Road likavishwe tairi. Ile 52,000 ilikuwa tayari mkobani.