Kwa mwanangu: usiku 35

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu kwanza, kisha mama yako akataka nimsomee kwa sauti. Umeuliza jambo moja: je, wiki 4 ni nyingi mno kwa wewe na mumeo kusafiri likizo hii ndefu bila watoto, mkubwa akiwa na miaka 7 na mdogo mwaka 1 na miezi 4? Unataka nambari. Mama yako, pamoja na miaka yake yote ya wodi ya watoto, anasema hana nambari ya kukupa. Mimi ninayo, lakini nimezuiwa kuitaja. Nitakueleza habari ya kutoka nyumbani, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipokosea.

Safari yetu ya Norway unaijua kwa picha. Umekua ukiiona ile ya mama yako kwenye sitaha ya meli, amevaa koti langu, ameinua mkono saa yake ionekane: saa sita usiku, na jua linampiga usoni. Asubuhi tuliyoondoka haina picha. Teksi ilifika bado giza. Mama yako akasema, "Waamshe." Nikasema mtalia, nasi tutalia, na ndege itatuacha. Yote hayo yangeweza kuwa kweli. Tukashika viatu mkononi, tukapita mbele ya mlango wa chumba chenu kwa kunyata. Shangazi yako alikuwa amesimama jikoni, hakusema neno. Wewe ulikuwa na miaka 6, mdogo wako miezi 20. Mliamka mkakuta kitanda chetu kimetandikwa.

Kuondoka si kosa, mwanangu. Kutoroka ndiko kosa. Umenisikia nikilisema hili mara nyingi, hata siku ya harusi yako nililisema, watu wakadhani nazungumzia ndoa.

Shangazi yako alifanya alichoweza. Alikwambia, "Mtalala mara 35, kisha baba na mama watakuwa wamerudi." Akakuchorea duara 35 kwenye karatasi, ukawa unapaka rangi moja kila asubuhi. Mpango mzuri. Mtoto wa umri ule wiki hazimwambii kitu, ila kulala na kuamka anakujua.

Nasi huku tulikuwa tunaelekea kaskazini. Tulipanda treni Trondheim kwenda Bodø, zaidi ya kilomita 700, karibu siku nzima dirishani. Reli hiyo hupanda hadi kwenye nyanda za juu zisizo na mti, ndipo huvuka Mzingo wa Aktiki, ule mstari wa ramani ambao kaskazini yake kuna majira jua halizami. Na ndani ya treni hiyo mama yako aliniambia jambo ambalo wewe pia hukulijua mpaka ulipokuwa mtu mzima: kwamba alitaka kuacha kazi, tangu yule mtoto wa kitanda cha dirishani alipofariki mikononi mwake. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Mwaka mzima nimelala kando ya jambo hilo bila kulijua, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tukizungumza habari za homa, za ada na za nani atawahi kurudi. Alizungumza saa nyingi. Sikumkatiza hata mara moja, na hakukuwa na mtu wa kutuita. Ndiyo maana kila ninapojaribu kusema ningetamani tusingekwenda, maneno hayatoki. Ningetamani tusingekwenda vile.

Toka Bodø tukachukua meli hadi Tromsø. Dunia imeinama, na huko juu jua la Juni huzunguka angani bila kuzama. Mji ule hukaa hivyo takriban miezi miwili, toka Mei hadi Julai. Nilikuwa na furaha kama ya mtoto. Jumapili ilipofika, siku yetu ya simu, nikakwambia, "Mwanangu, huku hakuna usiku! Jua halizami kabisa!" Ulinyamaza. Nikadhani laini imekatika. Kisha nikamsikia shangazi yako, sauti ya kawaida, kila kitu salama, msijali.

Baada ya kurudi ndipo aliponieleza. Uliweka simu mezani, ukaenda kwenye ile karatasi ya duara, ukaitazama, ukamwuliza: "Sasa kama huko hakuna usiku, watarudije?"

Miaka yote hii, nikifika hapo, moyo hunirudi nyuma. Wewe ulikuwa unahesabu usiku, nami nilikupigia simu kukutangazia kwamba nilipo usiku haupo. Na siku nne mfululizo, anasema shangazi yako, hukupaka rangi duara lolote.

Tuliporudi, mdogo wako aliuficha uso kwenye shingo ya shangazi. Kwa mama yako alikwenda, lakini aliangalia pembeni, kama mtu aliyepakatwa na mgeni. Siku ya tatu akaanza kumfuata mpaka mlango wa choo, na kwa muda wa mwezi mzima hakuiachia sketi yake. Wewe ulitukimbilia ukicheka, ukauliza zawadi. Nikajisemea, huyu mkubwa hana neno. Usiku nikaja kukufunika, nikakukuta umelala na viatu, kamba zimefungwa fundo mbili. Nilipokuuliza ulisema, "Ili mkienda tena niwe tayari." Hiki kisa cha viatu shangazi yako hukisimulia kila tunapokusanyika, na wote hucheka, hata wewe. Umewahi kuniuliza kwa nini hutoka nje wakati huo. Ni hiyo.

Mama yako hakushangaa. Alipokuwa anasomea uuguzi walifundishwa habari za James Robertson, aliyefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby. Robertson alikaa mawodini akiwatazama watoto wadogo waliolazwa, enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra. Aliona mtoto hulia kwanza na kumtafuta mama. Halafu hunyamaza na kukata tamaa. Mwishowe huanza kucheza na kumchekea yeyote, watu wakasema ametulia, kumbe amejifunga. Mama akija, hamjali. Mwaka 1952 Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa siku 8, na madaktari wengi waliikasirikia. Mwaka 1959 kamati ya Platt nchini Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuingia wodini wakati wowote. Mama yako hunisimulia haya bila kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Lakini ngoja. Hospitali si nyumba ya shangazi. Yule mtoto wa wodini alikuwa mgonjwa, kati ya watu asiowajua, wauguzi wakibadilishana zamu. Ninyi mlikuwa kwenye vitanda vyenu, na mtu aliyewapenda tangu mlipozaliwa. Robertson mwenyewe na mkewe baadaye waliwalea nyumbani kwao watoto wadogo ambao mama zao walikuwa hospitalini kujifungua, na wakaona kwamba mlezi mmoja, anayejua mtoto analala vipi na anaogopa nini, hupunguza sana maumivu. Kwa hiyo huenda najitesa bure. Halafu naikumbuka ile karatasi yenye duara nne tupu, nasema hapana, sijitesi bure.

Mambo madogo nitayapitia haraka, kwa kuwa mama yako ameniandikia pembeni. Mlezi awe mmoja, na aanze kulala hapo siku kadhaa kabla hamjaondoka, ili mdogo asimwone kama ndiye aliyekuja kuchukua nafasi yenu. Mwachieni barua yenye sahihi zenu, inayomruhusu kuwapeleka watoto hospitali na kukubali matibabu, pamoja na kadi za chanjo. Acheni nguo mliyoivaa bila kuifua, mdogo alale nayo. Simu ya video isiwe wakati wa kulala. Wa miezi 16 anaweza kuona sura ya mama yake kwenye kioo akaanza kilio ambacho hakikuwapo. Na mkizungumza na mkubwa, muulize yeye amefanya nini leo. Usimsimulie jua.

Huyo mdogo ndiye anayenipa wasiwasi. Kati ya miezi 10 na 18 hofu ya kuachwa huwa kali kuliko wakati mwingine, na yeye yumo humo katikati. Wa miaka 7 mtamweleza, ataelewa, atawanunia siku mbili, kisha atataka kujua mtamletea nini. Mdogo hana maneno ya kununia.

Mama yako ameniwekea sharti: nisikwambie mwende wala msiende. Anasema wewe na mumeo mnajua mko wapi katika ndoa yenu, na kwamba mtu aliyepata alichopata kwenye treni ile hana haki ya kumfungia bintiye stesheni. Ni kweli. Kalamu bado inaniwasha. Ningekuwa mimi, hizo wiki 4 ningezigawa, au ningengoja mdogo afikishe miaka mitatu. Mama yako amesoma mstari huo, amenitazama, lakini hajaniambia niufute, basi nauacha ukae kama mawazo ya mzee wako tu.

Mkienda, usiku wa mwisho nitakuja kulala kwenu. Nimeshazungumza na shangazi yako, naye atakuja. Nitumie saa ya kuondoka ndege. Na kama ni alfajiri, giza likiwa bado, msinyate. Washeni taa, muwaamshe wote wawili.

Baba yako