Bampa ni sura, bimu iliyo nyuma yake ni mfupa

Ndugu, umeuliza kama Probox yako iliyogongwa mbele inaweza kurudi barabarani bila ile bimu ya chuma nyuma ya bampa, na sapoti ya rejeta, yaani fremu inayoishika rejeta, ikiwa imefungwa kwa waya. Fundi anasema hizo ni urembo tu.

Amesema nusu ya kweli. Ganda la plastiki la bampa, grili na fenda za kufungwa kwa bolti hazibebi mzigo wa maana. Bimu je? Probox haina chesisi ya kujitegemea kama Hilux. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ukigonga, bimu hupokea pigo na kuligawia reli mbili za mbele, yaani mihimili ya bodi ya kushoto na kulia, zilizoundwa zijikunje na kumeza nguvu kabla haijafika miguuni pako. Bila bimu, pigo la upande mmoja huachiwa reli moja. Sapoti nayo huunganisha kushoto na kulia, tena mara nyingi ndiyo inayoshika kufuli ya boneti. Boneti ikufungukie Thika Road? Hapana.

Kabla ya kulipia rangi, pima mshazari kwa tepu: kutoka kichwa cha shokomzoba hadi kona ya mbele ya upande wa pili, kisha kinyume chake. Vipimo vikitofautiana, tafuta karakana yenye benchi ya kunyooshea bodi. Reli zisipashwe moto kwa gesi. Chuma kile hupoteza ugumu. Bimu ya mtumba tafuta Kirinyaga Road, Nairobi, ila ikague isiwe imeshanyooshwa.