Maswali ya Wasomaji: Asali kwa Punda, Karafuu Mbali na Paka

Barua za safari hii, za Unguja na Pemba, zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kipi katika vitu vya nyumbani, shambani na baharini kinafaa kumtibu mnyama, na kipi kinamdhuru. Hatuwezi kujibu kwa ujumla. Kinachomfaa punda kinaweza kumuua paka, na dawa ya ng'ombe inaweza kumuua punda.

Assalamu alaykum. Punda wangu wa gari ana kidonda begani. Kikikauka, nikimfunga tena kinachubuka. Wenzangu wananiambia nipake oili chafu au maji ya betri, na mzee mmoja ananiambia nimwogeshe baharini. Nifuate lipi?
*Mwenye gari, Mkokotoni*

Waalaykumu ssalaam ndugu yetu. Oili chafu na maji ya betri acha kabisa. Maji ya betri ni asidi, yanaunguza nyama nzima pamoja na ile iliyooza. Oili iliyokwisha kutumika ina vumbi la chuma na masizi, inaziba kidonda juu huku usaha unaendelea chini. Ukoko mweusi unaouona si kupona.

Mzee amekaribia. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, karibu mara nne ya chumvi ya mwilini. Kwa miguu iliyovimba na kwato zilizochoka yanasaidia sana, maana yanapoza na mawimbi yanakanda. Lakini kidonda kibichi yanakikausha na kukiwasha, na karibu na bandari au mifereji ya mji hayana usafi. Tengeneza maji yako mwenyewe: chemsha lita moja ya maji, tia gramu 9 za chumvi (kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichofutwa juu, si cha mlima), acha yapoe.

Kata nywele pembeni mwa kidonda kwa mkasi, upana wa vidole viwili, kwa sababu nywele ndizo zinazoshika usaha na kuita nzi. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji, ubinye, na uoshe kwa mkondo huo mpaka yanayochuruzika yawe masafi. Usisugue. Gusisha kitambaa safi cha pamba kukausha, kisha paka asali mbichi kwa tabaka jembamba. Asali inavuta majimaji kutoka kidondani, ina uchachu ambao vijidudu vingi havistahimili, na ikikutana na unyevu hutoa kiasi kidogo cha dawa ileile ya povu inayouzwa madukani kuoshea vidonda. Hakikisha ni asali kweli. Iliyochanganywa na shira ya sukari huvuta nzi na sisimizi tu. Rudia asubuhi na jioni. Manjano ya unga haimuui punda, lakini inaganda na kuficha usaha, na kidonda unahitaji kukiona.

Ukiona funza ndani, au harufu kali, au shimo linaloelekea mfupani, huo ni wakati wa daktari wa mifugo, asali haitoshi. Muulize hapohapo chanjo ya pepopunda. Punda na farasi ni wepesi mno kuupata ugonjwa huo, hasa akikanyaga msumari. Ukimwona masikio yamesimama wima, taya limekaza na mkia umenyooka, chanjo imeshachelewa.

Sasa kiini chenyewe. Kidonda kinachorudi pahala palepale kinatokana na msuguano, na hakuna dawa inayoshinda msuguano. Mkanda wa kifua uwe na upana usiopungua vidole vinne, ulale juu ya ncha ya bega na chini ya koo, na vidole viwili vipite kati yake na ngozi. Kamba ya makumbi na ya nailoni hukata. Mpira wa tairi huzuia jasho lisitoke, na ngozi ikiloa hulainika na kuchubuka. Tumia turubai la pamba au blanketi kuukuu lililokunjwa na kushonwa, ulifue kila jioni, kwa sababu jasho likikauka huacha chumvi inayokwaruza. Halafu pakia gari, mwondoe punda, ushike ncha za miti ya gari kwa mkono mmoja. Usipoweza kuziinua, mzigo umeegemea mbele na unamkandamiza mgongoni. Zikikuinukia zenyewe, umeegemea nyuma na unamvuta tumboni. Sogeza mzigo mpaka ukae sawa juu ya ekseli.

Mpaka ngozi mpya ifunike kidonda chote, asivute gari. Tunajua gari ndiyo riziki, lakini ukimfunga kabla ya wakati utaanza upya kila wiki.

Paka wetu wa nyumbani ana viroboto wengi. Nilisikia mafuta ya karafuu yanaua wadudu. Nimpake kiasi gani?
*Msomaji, Chake Chake*

Usimpake hata tone. Pemba karafuu na makonyo (vikonyo vyake) vipo kila upande, na mafuta yake kweli yanaua wadudu, lakini sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kemikali ya jamii ya finoli. Ini la paka halina nguvu ya kutosha kuivunja na kuitoa, na kwa kuwa paka hujiramba, kinachopakwa mgongoni huishia tumboni. Kwa sababu inayokaribiana, kidonge kimoja cha panadol kinatosha kumuua. Mafuta ya mchaichai, ya mkaratusi na ya mwarobaini nayo yasiguse ngozi yake. Vilevile unga au maji ya kuulia kupe wa mbwa na ng'ombe yenye pemethrini: mbwa hana neno nayo, paka hutetemeka mwili mzima na hufa.

Kama umeshampaka na anatokwa mate, anapepesuka au anapumua kwa shida, muoshe mara moja kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, muoshe tena, mfunge taulo apate joto na asijirambe, umkimbize kwa daktari. Usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yanazimua sumu.

Viroboto wenyewe wanamalizwa kwa subira. Wale unaowaona mwilini ni wachache. Mayai yao hudondoka na kuanguliwa kwenye mkeka, busati, godoro na nyufa za sakafu. Mchane paka kila siku kwa kitana cha chawa, shingoni na juu ya mkia, ukichovya kitana katika bakuli la maji ya sabuni. Kila wiki fua kwa maji ya moto kitambaa anacholalia, anika mkeka juani pande zote mbili, fagia mivunguni na uzitupe taka nje siku hiyohiyo. Endelea kwa miezi miwili hata kama huoni kiroboto, kwa sababu kifukofuko chake hukaa kimya kwa wiki nyingi kikingoja mnyama apite. Wengi huacha wiki ya tatu, wakarudi palepale.

Kitoto cha paka chenye fizi nyeupe kimenyonywa damu nyingi. Hicho usikingojee kitana, kipeleke leo.

Kupe wamemjaa punda wangu. Jirani ana dawa ya kuogeshea ng'ombe, naweza kuitumia?
*Mfugaji, Donge*

Soma kwanza kibandiko. Kikiandika amitrazi, hapana. Kwa ng'ombe na mbuzi ni dawa ya kawaida, lakini kwa punda na farasi inasimamisha mwendo wa matumbo: kinyesi kinakwama, tumbo linauma, chakula anakikataa. Punda hapigi kelele wala hajigaragazi sana akiumwa, husimama tu kichwa kimeinama, na mwenyewe akadhani amechoka. Na punda asiyekula, hasa mnene au mwenye mimba, huanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi mpaka damu na ini vinazidiwa. Kwa hiyo punda aliyekaa siku moja bila kula ni mgonjwa wa dharura, hata kama hujui sababu.

Wachomoe kupe kwa kibanio, ukiwashika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kuminya, uwatie katika maji ya sabuni. Tazama ndani ya masikio, chini ya mkia na kati ya mapaja. Mafuta ya taa yanababua ngozi. Wakiwa wengi mno, daktari atakupa dawa iliyoandikwa kuwa inafaa kwa farasi. Ya pemethrini ni mojawapo, ila paka asimlalie punda siku hiyo.

Jambo moja tena kwa wenye punda na kuku: funga chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula vya vifaranga hutiwa monensini kuzuia kuhara damu, na kiasi kidogo chake hudhoofisha moyo wa punda na farasi mpaka kufa.

Paka wangu anakula dagaa tu, na bibi yangu anampa kitunguu thomu kumtoa minyoo. Ni sawa?
*Mwanafunzi wa skuli, Mji Mkongwe*

Mwanetu, mwambie bibi kwa adabu kwamba thomu na kitunguu maji vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mchuzi uliokaangiwa kitunguu nao usimmiminie. Ukiona vipande vyeupe kama chembe za mchele karibu na mkundu wake, ni tegu, na mara nyingi ameipata kwa kumeza kiroboto alipojiramba. Kidonge cha prazikwanteli kwa uzito wake kinatosha, lakini viroboto wakibaki, tegu atarudi.

Dagaa wabichi si chakula cha kila siku. Samaki wengi wadogo wa jamii hiyo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa kwa wiki kadhaa huinamisha kichwa, hupepesuka, hushikwa na degedege. Moto unakivunja kimeng'enya hicho, basi wapike. Dagaa wakavu wa kwetu wamechemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke saa moja, mwaga maji mara mbili, kisha wachemshe bila chumvi. Paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 150 hadi 200 za samaki au nyama iliyopikwa kwa siku. Nusu yake iwe kuku, pamoja na moyo, ambao una taurini anayoihitaji kwa macho na moyo wake. Ini, kijiko kimoja cha chakula mara mbili kwa wiki, si zaidi.

Tunafuga farasi wawili wa kupandisha wageni ufukweni. Mchana wanahema sana, na mfanyakazi anasema maji baridi yatawakaza misuli. Pia mmoja anaumwa tumbo mara kwa mara.
*Msomaji, Paje*

Wamwagieni maji baridi, mwili mzima, bila kukoma, mpaka pumzi itulie. Hofu ya kukaza misuli ilipimwa katika utafiti wa kuwaandaa farasi kwa Olimpiki ya Atlanta ya 1996, na maji baridi yakaonekana kuwa salama na yenye kufaa. Ya bahari yanatosha kuanzia, mkimalizia na ya kisima kuondoa chumvi. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika na joto lake ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Baada ya nusu saa ya kivuli na maji, kama bado anahema kwa kasi, siku yake ya kazi imekwisha. Wakati wa kaskazi hewa ina unyevu mwingi na jasho halikauki, basi kazi iwe alfajiri na baada ya alasiri. Farasi anayehema huku ngozi ni kavu ameacha kutoa jasho, jambo linalowapata baadhi ya waliotoka nchi za baridi. Huyo hafai kazi ya jua hata kidogo. Kila mmoja apate gramu 30 za chumvi ya kawaida katika chakula, na 60 siku za jasho jingi, maji yakiwepo saa zote.

Tumbo, tunashuku mchanga. Chukueni madonge sita ya kinyesi kibichi yasiyogusa ardhi, yavurugeni katika mfuko wa plastiki unaoonesha wenye maji, uning'inizeni robo saa. Mchanga ukikaa chini kiasi cha kijiko cha chai, anaula pamoja na majani. Msimwage tena chakula ufukweni. Kiwekwe ndani ya beseni pana juu ya turubai au sakafu ya saruji, majani yawe mengi ili matumbo yausukume mchanga nje, na kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili. Mkipima mkakuta maji masafi na maumivu bado yapo, msistarehe: mchanga mzito hukaa tumboni bila kutoka, na hapo ni daktari wa kumsikiliza tumbo.