Jibu: Mama kurudia maswali, ni uzee tu?

Pole dada. Kwa mama wa miaka 70, kusahau alipoweka miwani si ajabu. Lakini kama ulivyosema, anauliza jambo lilelile mara tatu kabla chai haijapoa na amepotea njia ya sokoni aliyoizoea: huo si uzee tu, mpeleke hospitali. Apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, maana upungufu wake huvuruga kumbukumbu na unatibika. Na masikio jamani, tunayapuuza mno! Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 iliyataja matatizo ya kusikia kati ya vihatarishi 14 vya dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Asiyesikia vizuri hujitenga na maongezi, ubongo ukakosa kazi. Dawa zake zote, hata za usingizi na mafua, zibebeni daktari azione.