Nairobi hadi New York: saa saba, kumi na tatu au kumi na tano?

SWALI: Mhariri, mwanangu atasafiri mwezi wa Januari kwenda kusoma Marekani. Atapanda ndege hapa Kisumu, abadilishe Nairobi, kisha aende moja kwa moja hadi New York. Tiketi inaonyesha ataondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25, yaani saa saba. Ya kurudi inaonyesha 12:25 hadi 10:55 kesho yake, yaani saa ishirini na mbili na nusu. Mjomba wake naye amegawanya umbali kwa mwendo wa ndege akapata saa kumi na tatu. Tushike lipi? (Mama, Kisumu)

JIBU: Mama, shika kumi na tano za kwenda na kumi na nne na nusu za kurudi. Kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mji ule ndege inakoondokea au inakotua. Mwezi wa Januari New York huwa nyuma yetu kwa saa nane, hivyo unapaswa kuongeza nane kwenye zile saba za kwenda, na kuzitoa kwenye ishirini na mbili na nusu za kurudi. Tangu katikati ya Machi, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, tofauti hubaki saba.

Mjomba hakukosea kugawanya. Umbali ni takriban kilomita 11,840, na ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Umbali huo lakini hupimwa juu ya mviringo wa dunia. Chukueni tufe la shuleni, mvute uzi kutoka Nairobi hadi New York: mtauona ukikata Sahara na kuiacha Afrika kwenye pwani ya Moroko, ilhali rula juu ya ramani bapa ingewatoa upande wa Mauritania.

Hesabu yake inaacha mambo mawili. La kwanza mnalo hapo nyumbani: Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 280, ambazo kwa mwendo huo zingechukua dakika kumi na tisa tu, ila ratiba huandika kama dakika hamsini, kwa sababu muda huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena, pamoja na kupanda, kushuka na kungoja zamu ya kutua. La pili ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kiasi cha kilomita kumi kutoka chini, upepo wenye nguvu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi katika majira yao ya baridi. Mwanao ataukabili akienda, na utamsukuma akirudi.

Kwa hiyo, Mama, usianze kuingoja simu yake alfajiri, ukajitia hofu bure. Ndege ikienda na ratiba, itatua saa nane na dakika ishirini na tano mchana kwa saa za Kisumu, na baada ya hapo bado atapanga foleni ya uhamiaji na kungoja mizigo.