Jibu: Vitovu havibadiliki baada ya kuhamisha maua kwa mkono

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: ulipanga data ya maua ya iris kwa k-means (mbinu ya kugawa data katika makundi ya vitu vinavyofanana), ukapata makundi ya maua 50, 62 na 38, kisha ukahamisha maua kadhaa kwa mkono, lakini cluster_centers_, sehemu ya modeli inayotunza vitovu (katikati ya kila kundi), bado inakupa vile vya mwanzo.

Modeli haioni safu ya makundi uliyoirekebisha. Imeshika majibu ya pale ilipofunzwa. Usiifunze upya ili kupata vitovu, maana itapanga maua kwa akili yake na marekebisho yako hayatahesabika. Kitovu ni wastani tu wa wanachama wa kundi, kwa hiyo utoe kwenye jedwali lenyewe (df) kwa pandas, maktaba ya Python ya majedwali:

df.groupby("kundi")[vipimo].agg(["count", "mean", "median", "std"])

Kabla ya kuamini wastani, angalia count, yaani idadi ya maua katika kila kundi. Jumla isipofika 150, kuna maua yasiyo na kundi, na pandas huyaacha kimyakimya. Ukiona makundi manne badala ya matatu, tafuta "2" yenye nafasi nyuma yake. Lebo za kuandika kwa mkono zina tabia hiyo sana; mimi huzipitisha kwanza kwenye str.strip(), inayoondoa nafasi za pembeni.

Hujasema kama ulisanifisha vipimo (kuviweka kwenye mizani moja) kabla ya k-means. Kama ndiyo, vitovu vya zamani haviko kwenye sentimita, usivilinganishe na hivi vipya. Std (mchepuko sanifu) nayo: pandas hugawanya kwa n-1, NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) kwa n, n ikiwa idadi ya maua, ndiyo maana std zao hazilingani. Kundi lenye ua moja litakupa std ya NaN, yaani hakuna thamani. Liache hivyo, usijaze sifuri.